Hapa Hasara

Barua ilikuja kwa Kiingereza. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi kwenye nguzo ya kibanda cha Mama, na nyingine kama hiyo kwenye kila nguzo ya safu yetu hapa kando ya barabara, Londiani: kwa mama wa maziwa, kwa fundi wa viatu, kwa kijana wa karoti, hadi kwenye ule mti ambao watu wa boda hungojea wateja chini yake. Ofisi iliyoiandika sitaitaja, maana ugomvi wangu si na ofisi moja. Ugomvi wangu ni na neno moja lililokuwa kwenye mstari wa tatu.

Mama aliibandua taratibu isichanike, akaikunja mara nne, akaja nayo nyumbani jioni.

"Wewe ndiye umesoma," akaniambia. "Hii inasema nini?"

Nikamsomea huku nikitafsiri. Tumepewa siku saba. Tuondoe mabanda. Sababu: mabanda yenyewe ni "haphazard".

"Hapa hasara?"

"Haphazard, Mama."

"Si ndiyo hiyo nimesema. Hapa hasara. Hasara ya nani sasa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba ni neno la kitu kilichowekwa ovyo ovyo, bila mpango. Akaacha kumenya viazi, akanitazama kama mtu aliyetukanwa na mgeni mchana na sasa anatukanwa tena jioni na mtoto wake.

"Ovyo?" akasema. "Mimi?"

Hili ninaloandika ni jibu la swali hilo, maana siku ile sikuwa na jibu. Ninasema hivi: neno haphazard, jinsi linavyotumika katika barua za Kenya, halielezi kitu. Linahukumu. Linamvua lawama mtu aliyepaswa kupanga na kumtwika yule aliyejipanga mwenyewe baada ya kungoja mpango ambao haukuja. Na sisi tunaojua Kiingereza kidogo tunalibeba hilo neno kama wapagazi, bila hata kuuliza ndani ya mzigo mna nini.

Basi tufungue mzigo.

Haphazard ni maneno mawili yaliyoshikanishwa. "Hap" ni neno la zamani lililoingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia, na maana yake ni bahati. Ndilo hilo hilo lililo ndani ya "perhaps" na "happen", na hata "happy" mwanzoni alikuwa mtu mwenye bahati. "Hazard" ulikuwa mchezo wa dadu. Chaucer aliutaja katika karne ya 14. Jina lenyewe Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na wataalamu wengi wa asili ya maneno hulifuata nyuma hadi Kiarabu, az-zahr, yaani dadu. Kwa hiyo ukilitafsiri neno zima kwa uaminifu, haphazard ni bahati juu ya bahati. Ni kitu kilichokaa mahali kilipo kwa sababu mtu alirusha dadu na dadu likaangukia hapo.

Sasa chukua maana hiyo uje nayo kwenye kibanda cha Mama saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa na ule ukungu wetu, halafu unionyeshe dadu liko wapi.

Viazi vimegawanywa mara tatu. Vikubwa ni vya watu wa chipsi. Vya kati ni vya kupika nyumbani. Vidogo anavitenga kwa mtu anayetaka vya kuchemsha na maganda, na huyo anaongezwa viwili juu ya gorogoro kwa sababu atarudi. Mama amekaa upande wa magari yanayoelekea Nakuru kwa sababu abiria anayerudi Nakuru ndiye ananunua viazi. Anayetoka Nakuru anakuja na mizigo yake na anataka tu kufika. Amekaa pale gari linapopunguza mwendo, si pale linapokimbia. Mama wa maziwa yuko karibu zaidi na stage kwa sababu maziwa hayangoji mtu. Fundi wa viatu yuko mwisho wa safu, njia ya kutoka ndani mashambani inapoingia barabarani, kwa sababu mvua ya huku inamaliza gambuti, na mtu anayeshuka na kiatu kilichofunguka mdomo anamkuta fundi kabla ya kumkuta mtu mwingine yeyote. Watu wa boda wana laini: aliyefika kwanza hubeba kwanza, na ukiruka laini hiyo utajua hujui.

Mwaka mmoja Mama aliugua wiki mbili. Mahali pake palikaa wazi wiki hizo zote mbili. Hakuna aliyepachukua, na mama wa maziwa alikuwa anapafagia kila asubuhi akimaliza kufagia pake. Hakuna karatasi inayosema pale ni pa Mama. Lakini kila mtu anajua, na mgeni akitaka kuweka meza lazima aulize kwanza, aonyeshwe mahali, akae hapo.

Na kuna mtu mmoja zaidi anayejua mpango huo vizuri sana: mtoza ushuru. Huyo huja na kitabu chake cha risiti, anaanza na fundi wa viatu, anamalizia kwa mama wa maziwa, na hajawahi kumkosa mtu hata mmoja. Hiyo ovyo ya namna gani inayoweza kutozwa pesa siku baada ya siku bila anayetoza kupotea njia? Wakati wa kuchukua pesa sisi ni wafanyabiashara. Wakati wa kutupa stage, choo na mfereji wa maji machafu, tunageuka kuwa haphazard.

Kabla sijaendelea, wacha nikiri kitu. Neno hili nimewahi kuliandika mimi mwenyewe.

Chuo sikumaliza, nilikaa miaka miwili, karo ikaisha, nikarudi nyumbani na Kiingereza changu, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote mtu anacholipia. Mteja mmoja alitaka makala ya Kiingereza kuhusu miji midogo ya Bonde la Ufa. Nikaandika. Katika aya ya pili nikasema kwamba msafiri akipita huku ataona mabanda "haphazard" yakiwa yamejipanga kando ya barabara. Soma tena hapo: yamejipanga, na bado ni haphazard. Niliandika vitu viwili vinavyopingana katika sentensi moja na sikuona, kwa sababu neno lilikuwa limekaa vizuri mdomoni. Nililipwa kwa idadi ya maneno. Yaani kuna shilingi kadhaa nilizokula kwa kumwita mama yangu ovyo, na nilizila kwa viazi vyake.

Sikuwa nimeangalia. Hiyo ndiyo kazi ya neno hili. Linakuokoa na taabu ya kuangalia. Ukipita kwa gari na usielewe kwa nini mtu amekaa mahali alipokaa, una njia mbili: ushuke uulize, au useme haphazard. Ya pili ni rahisi zaidi, na inakufanya uonekane msomi.

Angalia pia neno hili linapanda na kushuka vipi. Kijana wa Nairobi akiamua Ijumaa jioni kwenda Naivasha bila mpango, anajiita random, anaweka picha, tunampenda. Mradi wa barabara ukisimama nusu, mawe yakabaki yamemwagwa mwaka mzima, barua itasema umechelewa, au unaendelea kwa awamu. Neno haphazard hutalisikia hapo. Linamngojea mama mboga. Linamngojea mtu wa mtumba na mtu wa jua kali. Ni kivumishi kinachojua umaskini kinapouona.

Na kama tunatafuta dadu kwa kweli, tulitafute mahali lilipo. Nairobi ilianza mwaka 1899 kwa sababu wajenzi wa reli walihitaji mahali tambarare pa kuweka vifaa kabla ya kuanza kupanda milima. Mahali penyewe palikuwa kinamasi. Leo mvua ikinyesha maji yanarudi kudai kilicho chake, na bado katika vitabu hilo linaitwa mpango. Londiani yetu nayo ni mtoto wa reli ile ile, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Treni iliposimama, watu walikusanyika. Mizigo ilipobadilisha mikono, mtu akaweka meza. Mombasa si ilianza hivyo hivyo, pale chombo kinapoweza kutia nanga? Miji mingi duniani ilianza na mtu aliyeona wenzake wanasimama mahali fulani, naye akaenda kuwauzia kitu. Tofauti ni kwamba wengine walipewa muda wa kuitwa historia.

Kuna watu watakaoniambia: lakini tazama mashamba ya chai, uone mpango ni nini. Nimeyatazama. Ukishuka kutoka huku kuelekea Kericho unayaona, kijani kimekatwa sawasawa kama meza, laini baada ya laini. Ni mazuri, sikatai. Lakini unyoofu ule ulikuwa na gharama. Ardhi ile ilikuwa na watu kabla ya kuwa na laini. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, mbali kule upande wa Ziwa Victoria. Familia nyingine nyingi zilipoteza ardhi bila hata kutungiwa sheria ya jina lao. Kwa hiyo mtu akiniambia kunyooka ndiyo akili na kupinda ndiyo ujinga, mimi humwuliza: kabla ya kunyoosha, nani aliondolewa?

Swali hilo si la zamani tu. Mei 1990, Muoroto, Nairobi, mabanda ya watu yalibomolewa na polisi pamoja na askari wa jiji. Mwaka 2005, Zimbabwe, serikali iliita operesheni yake Murambatsvina, ambayo kwa Kishona ni kuondoa uchafu. Umoja wa Mataifa ulimtuma Anna Tibaijuka, Mtanzania aliyekuwa mkuu wa UN-Habitat, akaenda, akashuka, akauliza. Ripoti yake ilikadiria kwamba watu 700,000 hivi walipoteza nyumba, au riziki, au vyote viwili. Ona jinsi mambo yanavyofuatana. Tingatinga halitangulii. Kwanza linakuja neno. Mtu anaitwa uchafu, au ovyo, au haphazard, na ikifika siku ya kubomoa inaonekana kama siku ya kufagia.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo mtu wa Londiani hawezi kuandika makala kama hii akalikwepa.

Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho. Liligonga matatu, likagonga boda, likaingia kwa watu waliokuwa wakiuza na waliokuwa wakingoja gari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Huku kwetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Kila mtu ana jina lake analolikumbuka.

Siku zilizofuata, waziri wa barabara wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alisema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Mtu anayenipinga ana haki ya kuniuliza: na wewe, baada ya hayo, bado unataka mama yako akae kando ya lami?

Hapana. Sitaki. Usiku ule Mama hakulala, na mimi sikulala, na kama kesho kungekuwa na soko lenye paa, lenye stage mbele yake, lenye abiria wanaoshuka hapo, ningembebea magunia mwenyewe kabla jua halijachomoza. Sisemi barabara ni salama. Sisemi watu wasihame. Kuna meza nyingine kweli ziko karibu mno na lami, na wenyewe wanajua, na tumegombana nao.

Ninachosema ni kwamba hatari ni kitu kimoja na ovyo ni kitu kingine, na kuvichanganya ni kuwakosea waliokufa. Waliokuwa pale hawakutupwa pale na dadu. Aliyekuwa akingoja matatu alisimama mahali matatu husimama. Aliyekuwa akiuza aliuza mahali penye wanaongoja. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuwa pale alipokuwa. Kitu pekee ambacho hakikuwa na sababu ya kuwa pale ni lori. Lakini tazama mazungumzo yalivyohama: kutoka kwa lori kwenda kwa soko, kutoka kwa breki na mwendo na barabara isiyo na nafasi ya mtu wa miguu, kwenda kwa akina mama na meza zao. Mtu ukimwambia kwamba alikaa ovyo, umemwambia pia kwamba alikufa ovyo. Ni maneno ya kumwambia nani hayo? Watoto wake?

Ukitaka kumhamisha mtu mahali pa hatari, mwambie ni mahali pa hatari. Atakuelewa, anakujua kuliko wewe. Mwonyeshe unakompeleka. Ukimwambia kwamba yeye ndiye hatari, na unakompeleka hujakujenga, basi hujamhamisha. Umemfukuza tu kwa Kiingereza.

Nimefika sasa kwenye neno letu wenyewe, na hapa nina habari njema kidogo.

Kiswahili kina maneno mengi ya fujo: ovyo, shaghalabaghala, holela. Magazeti na redio zetu zimelipenda hili la mwisho. Tunasikia kila siku: ujenzi wa kiholela, maegesho ya kiholela, utupaji taka wa kiholela. Nilidhani ni haphazard tu iliyovaa kanzu. Nikaanza kusikiliza vizuri, nikagundua kwamba redio hiyo hiyo husema pia: vijana wamekamatwa kiholela. Ardhi imetwaliwa kiholela. Karo imepandishwa kiholela.

Ona hilo. Kwa Kiingereza kuna maneno mawili. La wanyonge ni haphazard. La wakubwa ni "arbitrary", na hilo limevaa suti, linakaa mahakamani. Mama akiweka meza bila ruhusa, ni la kwanza. Mkubwa akiivunja bila sababu, ni la pili, na hakuna anayeona kwamba ni kosa moja. Kiswahili kinaona. Kiswahili kimesema neno moja kwa wote wawili: kiholela ni kufanya jambo bila utaratibu, uwe na meza au uwe na tingatinga.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inakataza mtu kunyimwa uhuru wake kiholela. Kifungu cha 40 kinakataza Bunge kutunga sheria inayoruhusu Serikali kumnyang'anya mtu mali yake kiholela. Sisemi ardhi ya barabara ni ya Mama. Si yake, na hajawahi kudai. Lakini mbao ni zake, mabati ni yake, viazi ni vyake, na miaka aliyokaa pale akilipa ushuru ni miaka yake. Kumpa siku saba kwa lugha asiyoisoma, bila kumwonyesha mahali pa kwenda, halafu kumwita yeye ndiye asiye na mpango: hapo ndipo ninapolitafuta neno, na neno lenyewe lipo, ni letu, na linatosha. Hiyo ni kiholela.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu tunaokula kwa kalamu. Kabla hujaandika haphazard kuhusu mtu, au kiholela, au hata ovyo, uliza maswali mawili. La kwanza: mpango aliouvunja uko wapi, uliandikwa lini, na alionyeshwa na nani? Kama hakuna, basi asiye na mpango si yeye. La pili: umeshuka kwenye gari? Umemwuliza kwa nini amekaa hapo? Kama bado, andika kwamba hujaelewa. Hiyo nayo ni sentensi nzuri, na ni ya kweli.

Ile makala yangu ya Kiingereza nilimwandikia mteja, nikamwomba aondoe neno lile. Hakunijibu. Bado liko pale.

Barua ya ofisi niliijibu kwa niaba ya safu yetu, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilichora ramani: nani amekaa wapi, tangu lini, kwa sababu gani, na mtoza ushuru anaanzia wapi. Chini tukauliza swali moja tu: mpango wenu uko wapi, tuje tuuone? Mama wa maziwa alitia sahihi, fundi wa viatu akatia, watu wa boda wakatia kwa kufuata laini yao. Mama alitia wa mwisho. Alisoma ramani muda mrefu, akaweka kidole penye kibanda chake.

"Hapa," akasema. "Andika hapo kwamba hapa si hasara."

Nikaandika. Siku saba zilipita, jibu halikuja, tingatinga pia halikuja. Mtoza ushuru yeye alikuja, asubuhi na mapema, na alitupata wote mahali petu.